Nanga ya Mombasa na kitunguu saumu cha Tumati

Jumapili ya Mei 12, 2024, Watanzania wengi waliamka wakiwa hawana intaneti, au wanayo inayosuasua. Serikali ilieleza kuwa hitilafu ilikuwa kwenye mikongo ya baharini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mikongo yenyewe ni EASSy na SEACOM.

Mkulima wa Tumati, wilayani Mbulu, anaweza kuuliza bahari inamhusu nini wakati iko mamia ya kilomita kutoka shambani kwake. Inamhusu. Simu ya kawaida ya kwenda Babati haipiti baharini. Lakini picha ya magunia ya vitunguu saumu anayomtumia mnunuzi wa Dar es Salaam kwa WhatsApp hutegemea mitambo iliyo nje ya nchi, hata kama wote wawili wako Tanzania. Mnunuzi asipouona mzigo hatoi malipo ya awali wala hatumi lori, na dalali mwenye fedha taslimu ndiye anayepanga bei. Kwa mtu anayedaiwa pembejeo, siku tatu za namna hiyo zinatosha kumfanya auze kwa hasara.

Duniani hutokea hitilafu kati ya 150 na 200 za nyaya hizi kila mwaka, na nyingi husababishwa na nanga za meli na zana za uvuvi. Februari 2012, meli iliyotia nanga mahali pasiporuhusiwa karibu na bandari ya Mombasa ilikata mkongo wa TEAMS. Hapakuwa na vita wala adui.

Mataifa makubwa sasa yanalinda sakafu ya bahari. Mwaka 2023 Uingereza ilinunua meli iliyokuwa ikihudumia visima vya mafuta, kwa pauni milioni 70 hivi, ikaiita Proteus. Hubeba roboti za kukagua nyaya na mabomba chini ya maji.

Je, nasi tununue ya kwetu? Hatuoni hivyo. Meli hula mafuta na mishahara hata isipokuwa na kazi. Lakini kuendelea kutegemea meli za mbali nako kuna gharama. Léon Thévenin, meli ya Kifaransa iliyojengwa mwaka 1983 na yenye makao yake Cape Town, huhudumia pwani ndefu mno. Mikongo ya Afrika Magharibi ilipokatika Machi 2024, ilikwenda huko.

Tanzania, Kenya na Msumbiji zichangie meli moja ya ukaguzi na ukarabati, ikae Dar es Salaam au Mombasa. Wakati hilo likijadiliwa, mamlaka za bandari zianze mara moja kuzitoza faini nzito meli zinazotia nanga juu ya mikongo. Hilo halihitaji mkopo wa mtu.

Wenye mikongo na kampuni za simu ndio wabebe sehemu kubwa ya gharama. Fedha hizo zisichotwe kwenye Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao kazi yake ni kufikisha minara vijijini.