Kikoi ni cha Anayekivaa

Pita Mwembe Tayari adhuhuri ya kaskazi, mwezi wa Februari, uwaone vijana wetu: jinzi nzito, raba za kufunika vifundo, na juu sweta yenye kofia, kama walio katika baridi ya London. Jasho lawatiririka, lakini mtindo ni mtindo.

Sisemi kwamba nguo ya kigeni ni haramu. Mwambao huu umevaa vya watu tangu enzi za majahazi. Hata neno leso tulilipata kwa Wareno. Linalonikera ni kuona kikoi, vazi la pamba lipitishalo upepo na kumsitiri mwanamume toka kitovu hadi chini ya magoti, kimeachiwa wazee na chumba cha kulala.

Wenzetu wa Ulaya wamekithamini. Majira yao ya joto yakifika hukivaa ufuoni, na hukishona kaptula na mashati. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno "kikoy" liwe alama yake ya biashara. Lau ombi lile lingepita, Mkenya angeuza kikoi chake huko kwa jina gani? Wakenya waliweka pingamizi, na ombi likaachwa.

Mali isiyotumiwa na mwenyewe haikosi mdai. Sheria yaweza kulinda jina. Vazi hulindwa na mvaaji. Mafundi wa cherehani tunao. Vijana, wapelekeeni kikoi wawashonee suruali ya mtindo muutakao, mtoke nayo barabarani mchana kweupe.