Filamu Si Muhtasari wa Riwaya: Maoni ya Mtahini

Julai iliyopita nilikuwa nikisahihisha mtihani wa majaribio hapa Gatitu, ukungu ukiwa umekataa kuondoka hadi saa nne asubuhi. Swali lilikuwa la dondoo. Mtahiniwa mmoja, mwenye mwandiko wa kupendeza, aliwataja msemaji na msemewa bila kukosea. Kisha akaandika kwamba wawili hao walikuwa wamejikinga mvua chini ya mti, na kwamba msemaji alikasirika kwa sababu alikuwa amelowa. Nikaifungua riwaya. Mvua haimo. Mti haumo. Wahusika wale wanazungumza ndani ya nyumba. Alama mbili kati ya nne za muktadha zikaenda.

Nilipomwita aeleze, alisema alikuwa ametazama kwenye simu ya kaka yake video ya kikundi kilichoigiza riwaya hiyo. Bila shaka waigizaji walirekodi siku ya mvua na hawakuwa na pesa za kurudi siku nyingine.

Wako walimu wenzangu ambao wangetaka video za aina hiyo zipigwe marufuku shuleni. Siungani nao. Mwanafunzi anayesumbuliwa na Kiswahili hufaidika akisikia mazungumzo yakitamkwa, na pale ambapo nakala moja ya kitabu inapitishwa dawati hadi dawati, simu huonekana kama mkombozi. Tatizo ni kwamba hatujawafundisha ninyi wanafunzi filamu ni kitu gani.

Mfano mzuri zaidi ninaoujua katika Kiswahili ni Vuta N'kuvute. Adam Shafi aliichapisha riwaya hiyo mwaka wa 1999. Mwaka wa 2021 mwelekezi Amil Shivji akaitoa kama filamu. Ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, na mwaka uliofuata Tanzania ikaiteua iiwakilishe nchi katika kinyang'anyiro cha tuzo za Oscar. Katika kitabu unamfuata Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Raza, mwanamume mwenye umri wa kumzaa, na maisha yake yanaendelea mbali hata baada ya Denge, mpigania uhuru anayempenda. Filamu ni ya takribani saa moja na nusu. Haiwezi kubeba yote hayo. Shivji ameyashikilia mapenzi ya Yasmin na Denge pamoja na harakati dhidi ya Waingereza kule Unguja katika miaka ya 1950, na mengi mengine akayaacha.

Je, amekosea? Mimi nasema hapana. Amesoma riwaya na kutoa maoni yake juu ya kilicho muhimu ndani yake, jambo lile lile unalotakiwa kulifanya katika insha ya fasihi, ila yeye ametumia kamera. Lakini mtu anayetazama filamu hiyo peke yake, kisha akaandika kuhusu sifa za Yasmin, anatumia maoni ya Shivji kama ushahidi wa Shafi. Mtahini ataujua mchanganyiko huo kabla hajamaliza aya ya kwanza.

Sasa fikiria Nguu za Jadi ya Clara Momanyi ikifanywa filamu. Waketwa na Wakule hawapo katika ramani yoyote. Navyosoma mimi, hilo ni kusudi: msomaji asipate jirani wa kumnyoshea kidole, alazimike kujitazama mwenyewe. Kwenye skrini ujanja huo unavunjika. Mangwasha lazima awe na sura. Mtemi Lesulia lazima awe na lafudhi, na kila lafudhi ina kwao. Akizungumza kama mtu wa huku kwetu, sisi tutacheka na wengine watanuna. Akizungumza kama mtu wa kwingine, tutabadilishana zamu. Katika nchi iliyopitia yale ya 2007 na 2008, hilo si jambo dogo. Na sauti ya msimulizi je? Ukiulizwa mbinu za lugha katika kifungu cha masimulizi, hakuna mwigizaji atakayekusaidia, kwa sababu maneno hayo hayakuwa ya mhusika yeyote.

Hapa ndipo ninapotofautiana hata na wapenzi wa filamu. Wao husifu filamu iliyo aminifu kwa kitabu. Mimi naiogopa zaidi hiyo. Filamu iliyobadilisha mambo waziwazi hukushtua, ukarudi kitabuni kuhakikisha. Ile inayofanana mno na kitabu hukulaza usingizi. Huko Naro Moru, si mbali na hapa, ndiko ilikopigwa filamu ya Born Free iliyotoka mwaka wa 1966, kutokana na kitabu cha Joy Adamson cha 1960. Watu wengi waliotazama wataapa kwamba walimwona Elsa. Elsa alikufa mwaka wa 1961. Waliowaona ni simba wengine kadhaa wakiigiza kuwa yeye.

Kwa hiyo soma kwanza, mara mbili kama unaweza. Ndipo utazame, penseli mkononi, na utafute ulipodanganywa. Au jaribu zoezi ninalolipenda: chukua sura moja ya riwaya na ujifanye mwelekezi mwenye dakika tano tu. Andika kila unachokikata na sababu ya kukikata. Ukifika kwenye jambo ambalo likitolewa hadithi haisimami, weka alama pembeni mwa ukurasa.

Yule mtahiniwa wangu wa mvua nilimpa kazi inayokaribiana na hiyo mwezi wa Agosti. Aliniletea orodha ya mambo kumi na moja ambayo video ile iliyaruka. La kumi na moja hata mimi sikuwa nimeliona.