Mja mzito mwenye kisukari asifukuzwe mezani

Mja mzito akiambiwa kwamba damu yake ina sukari nyingi, aghalabu hurudi nyumbani na orodha ya makatazo. Usile hiki, usiguse kile. Vyakula vinavyoruhusiwa utadhani vimeandikiwa mtu anayeishi karibu na duka kubwa la jijini: mkate wa ngano isiyokobolewa, maziwa yaliyoondolewa mafuta, matunda ya kigeni. Mama wa Nkubu au Runyenjes hutazama ndizi, nduma na viazi vikuu vilivyo shambani mwake, akajiuliza: basi mimi nile nini?

Wengine huamua kushinda njaa. Wengine huitupa orodha hiyo na kuendelea kama kawaida. Kwa maoni yangu, lawama si ya mama. Ni ya ushauri usiojua chakula cha Meru na Embu.

Tuanze na chanzo, kwa maana kina mama wengi hudhani wamejiletea maradhi haya kwa kupenda vitu vitamu. Kondo la nyuma, linalomlisha mtoto tumboni, hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini. Kongosho la mama likishindwa kuongeza insulini ya kutosha, sukari hujaa katika damu. Sukari hiyo humfikia mtoto, lakini insulini ya mama haimfikii. Basi mtoto hutengeneza yake kwa wingi na kunenepa kupita kiasi. Wakati wa kuzaliwa mabega yanaweza kukwama, na baadaye sukari yake ikashuka ghafla. Mama naye yumo katika hatari zaidi ya kupatwa na presha na kujifungua kwa upasuaji.

Wapo wanaotulia kwa sababu mkojo ulipimwa kliniki na ukaonekana safi. Utulivu huo hauna msingi. Katika uja uzito figo hubadilika, hivyo mkojo unaweza kuwa na sukari ilhali damu haina tatizo, au kinyume chake. Kipimo cha kutegemewa ni cha damu, kati ya wiki ya 24 na 28: mama hupimwa kabla ya kula, hunywa gramu 75 za glukosi, kisha hupimwa tena baada ya saa 1 na saa 2. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2013, kufikia 5.1 kabla ya kula, 10.0 baada ya saa 1 au 8.5 baada ya saa 2 kwatosha kumtambua mgonjwa.

Sasa turudi mezani. Githeri si adui. Maharagwe yakizidi mahindi, sukari hupanda polepole. Mukimo pia wafaa, mradi uwe kiasi cha ngumi moja, na nusu ya sahani iwe terere, kunde au sukuma wiki. Ndizi mbichi ya kuchemsha ni afadhali kuliko iliyoiva. Nduma kipande, si sufuria nzima. Ndugu zetu wa Mbeere wana ndengu, kunde na mtama, na sioni kwa nini mtu aliye na ndengu ghalani atumwe kununua chakula cha kopo. Embe tamu la huko, nusu yatosha kwa wakati mmoja. Parachichi halina neno. Soda na chai ya vijiko vitatu vya sukari, hapo sina utetezi.

Mtego mkubwa ni uji. Mavyaa huuleta kwa upendo, kibuyu kizima, umetiwa sukari ili mkaza mwana apate nguvu na "ale kwa wawili". Kuukataa ni kumvunjia heshima. Heri mume aende kliniki, asikie mwenyewe, kisha amweleze mama yake kwamba uji utaendelea kuja, ila kikombe kimoja kidogo, uliochachuka, bila sukari, na yai au karanga kando. Jambo hili mume akimwachia mkewe pekee, huwa amemwachia ugomvi.

Milo iwe midogo na ya mara kwa mara, na mama atembee kidogo baada ya kula. Lengo ni sukari iwe chini ya 5.3 asubuhi kabla ya kula, na chini ya 7.8 saa 1 baada ya mlo. Ikikataa kushuka, daktari huongeza dawa. Insulini haimfikii mtoto, wala kuidunga sasa si kufungwa nayo maisha. Asiye na friji anaweza kuihifadhi ndani ya chungu cha udongo kilicholoweshwa nje na kuwekwa kivulini.

Tangu 2013 hospitali zetu, zikiwemo zile za rufaa za Meru na Embu, ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Maombi yangu kwa kaunti hizo ni mawili, na hayahitaji jengo jipya. Kwanza, glukosi na vijiti vya kupimia visikosekane hata katika zahanati, na kila mja mzito apimwe, si mnene au mwenye umri mkubwa pekee. Pili, mama afuatwe baada ya kujifungua. Sukari mara nyingi hushuka mara tu kondo likitoka, njahi na uji vikarudi kwa sherehe, na hakuna anayekumbuka kupima tena. Ilhali mama huyo ana hatari ya kupatwa na kisukari cha kudumu takriban mara 7 kuliko mwenzake. Anatakiwa kupimwa kati ya wiki ya 6 na 12. Mtoto hupelekwa kliniki kupata chanjo akiwa na wiki 6, na tena akiwa na wiki 10. Mama atakuwa amekaa pale pale kwenye benchi, amempakata.