Bastola isiyo na nyundo

Makala yenu imesifu wepesi wa bastola ya Glock 17, ikapita haraka kwenye jambo zito la usalama. Bastola hii, iliyochaguliwa na jeshi la Austria mwaka 1982, haina nyundo. Pini yake ya kufyatulia risasi husukumwa na springi. Wala haina swichi ya usalama ya kidole gumba. Bastola ya FN ya Ubelgiji, modeli ya 1910, isiyo na nyundo pia, ilikuwa na swichi hiyo.

Tena, kuifungua ili isafishwe kunadai triga ivutwe kwanza. Risasi iliyosahaulika ndani ya chemba hulipuka hapo hapo, hata magazini ikiwa mezani.

Kwa hiyo, kabla ya kuifungua, mmiliki mpya mwenye kibali, awe mjini Likasi au kandokando ya ziwa Tshangalele, atoe magazini, avute slaidi, achungulie chemba na kuipapasa kwa kidole. Watoto wawe mbali.