Shimo Jipya la Nguzo ya Zamani

Kiangazi kinapoingia, wakazi wengi wa Kayanga hugeukia nyua zao. Udongo umekauka, fedha za kahawa zimeanza kuonekana, na nguzo zilizoliwa na mchwa zimelala juu ya seng'enge badala ya kuishikilia. Kubadilisha nguzo hizo ni kazi njema, wala hatuna neno nayo. Tunalotaka kulisema linahusu mahali linapochimbwa shimo jipya.

Nguzo ya mkaratusi isiyotiwa dawa haidumu. Wapo wanaoipaka oili chafu ya magari sehemu ya chini, wapo wanaoichoma moto kidogo mpaka iwe nyeusi, na wenye uwezo hununua nguzo zilizotiwa dawa au humimina zege. Hata hivyo, katika maisha ya mwenye nyumba, ua wa miti hubadilishwa mara nyingi. Na kwa kuwa kisiki cha nguzo kuukuu ni kazi kukitoa, fundi huchimba pembeni yake. Pembeni upande gani? Bado hatujasikia habari za shimo lililochimbwa upande wa yule anayemlipa fundi. Nusu hatua mwaka huu, nusu hatua ua utakapooza tena, na baada ya muda jirani amepoteza safu nzima ya migomba bila ya mtu yeyote kumnyang'anya waziwazi.

Wanaoumia ni wale wale: mjane aliyebaki na watoto wadogo, mzee asiyeweza tena kuzunguka shamba lake, na kijana aliyekwenda kutafuta kazi Mwanza au Dar es Salaam akaacha kiwanja mikononi mwa majirani. Arudipo huambiwa kwamba ua ulikuwa hapo hapo siku zote. Nguzo ni mpya, kisiki kimekwisha kuwa kuni, na shahidi hakuna.

Wazee wetu wa Kagera walilifahamu jambo hili. Ua wao ulikuwa wa kuzuia mbuzi na ng'ombe. Mpaka waliukabidhi kwa mlamula, mti ambao ukikatwa huchipua tena, na ambao jina lake lina undugu na neno la kwetu la kuamua shauri. Mtu aliweza kubomoa ua wake na kuujenga upya apendavyo, mlamula ukabaki umesimama. Siku hizi tumeyachanganya mambo hayo mawili. Tumeifanya nguzo, kitu kinachooza, kuwa ndiyo alama ya mpaka. (Wengine wamepanda minyaa, nayo ni mizuri, ila utomvu wake ni hatari kwa macho ya watoto.)

Kwenye viwanja vilivyopimwa yapo mawe ya mipaka, na sheria inakataza kuyang'oa au kuyasogeza. Lakini sehemu kubwa ya Karagwe na Kyerwa, wilaya zilizokuwa moja hadi mwaka 2012, bado watu wanaishi kwa kumbukumbu ya majirani. Huko ndiko hatari ilipo.

Katika miji mikubwa, wamiliki wa sehemu za majengo wanayo jumuiya yao kwa mujibu wa Sheria Na. 16 ya mwaka 2008, na kitu kilicho cha wote hakibadilishwi na mmoja kwa siri. Sisi hatuna maghorofa mengi ya namna hiyo. Tunayo, hata hivyo, Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982, inayoiruhusu Halmashauri ya Kijiji kutunga sheria ndogo, zikajadiliwa na Mkutano wa Kijiji na kupitishwa na Halmashauri ya Wilaya. Tunapendekeza njia hiyo itumike. Anayetaka kubadilisha ua wa mpakani amjulishe jirani yake na mwenyekiti wa kitongoji siku saba kabla. Kisiki kitolewe na nguzo mpya isimame katika shimo lile lile. Kama haiwezekani, ivutwe kamba kati ya alama za pembeni, wote wawili wakitazama. Kama jirani yuko safarini, ndugu yake aitwe. Na pasitozwe hata senti moja. Tunalisisitiza hilo kwa sababu tunazifahamu ofisi zetu: kibali kikianza kulipiwa, watu watachimba mashimo usiku.

Watakuwapo watakaosema kwamba huo ni usumbufu kwa ajili ya vijiti vichache. Tunawaomba wapige hesabu ya kesi moja tu. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata haliamui tena shauri la ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa ndani ya siku 30, mlalamikaji huenda kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko kuna nauli, kuna mashahidi wa kuwalisha, kuna siku za shamba zinazopotea. Gharama hiyo ingetosha kuzungushia nguzo za zege nyua zote mbili.

Wenye viwanja kando ya barabara ya lami itokayo Kyaka wana jambo jingine la kuangalia, kwa maana jirani yao wa mbele ni Serikali. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati, badala ya mita 22.5 za zamani. Nguzo iliyosimama kihalali miaka ya nyuma huenda leo imo ndani ya hifadhi. Kabla ya kununua saruji, wamwone mhandisi wa barabara na wapime kwa kamba.