Sekunde 40 za Mzee Ojwang'

Andika jina la Mzee Ojwang' mtandaoni uone utakacholetewa. "Vichekesho vyake bora." "Utacheka mpaka ulie." Ukifungua, ni msururu wa vipande: sekunde 30, sekunde 40, macho yametoka, mdomo wazi, kicheko, kata, kipande kingine. Najua jinsi vinavyotengenezwa kwa sababu nimevitengeneza. Miaka miwili na nusu nilikaa kwenye ofisi ya ghorofa ya tatu hapa Nairobi, hedifoni masikioni, nikikata wachekeshaji. Kampuni sitaitaja. Ziko nyingi za aina ile, ukitaja moja utakuwa umeionea.

Kwa hivyo sisemi haya kama mtakatifu. Nayasema kama mchinjaji aliyeshindwa kula nyama.

Wengi mnadhani kazi ile ni kutazama vipindi kisha kuchagua palipokuchekesha. Wapi! Hakuna mtu ana muda wa kutazama. Unaweka kipindi kwenye kompyuta, unaangalia wimbi la sauti. Mahali watu wamecheka, wimbi linapanda kama Mlima Longonot. Unarudi nyuma sekunde chache, unakata. Unaenda kwenye mlima unaofuata. Kipindi cha saa nzima unakimaliza kabla chai haijapoa, na ukiulizwa kilikuwa kinahusu nini, huna la kusema. Pale ambapo hakukuwa na kicheko, tulibandika. Ndiyo, tulikuwa na faili la vicheko. Kimoja kilikuwa na mwanamke anayekohoa mwishoni, na ukiwa makini utamsikia akikohoa kwenye video tatu tofauti za watu watatu tofauti.

Sasa fikiria Ojwang' akipitishwa kwenye mashine hiyo.

Wale mliozaliwa juzi, Ojwang' ndiye Benson Wanjau, mzee wa Vitimbi na Vioja Mahakamani, aliyetuchekesha kwenye televisheni ya taifa kwa zaidi ya miaka 30 mpaka alipofariki Julai 2015. Kwenye Vitimbi mkewe alikuwa Mama Kayai, yaani Mary Khavere, na hawa wawili waligombana vizuri mpaka nusu ya nchi iliamini kwamba ni mke na mume kweli. Hawakuwa.

Nilivyomjua mimi, kitu kilichomfanya Ojwang' achekeshe ni kuchelewa. Mama Kayai anauliza swali, tuseme pesa ya mboga iko wapi. Mchekeshaji wa leo angekuwa ameshajibu na kurukia meza. Ojwang' hajibu. Anarekebisha miwani. Anaangalia mlango, unaona kabisa anapima kama atafika kabla ya kushikwa. Anaanza sentensi, anaiacha, anaanza nyingine iliyo mbaya zaidi. Wewe uliye nyumbani umeshajua pesa imeenda wapi, Mama Kayai ameshajua, na yeye anajua kwamba sote tunajua, lakini bado anajenga uongo wake polepole kama fundi aliyelipwa kwa siku. Ule muda wote wimbi la sauti limelala chini, kimya. Kwa macho ya mkata video, pale hakuna kitu. Pale ndipo tulipokata.

Na tulichobakiza ni nini? Lafudhi. Mzee anapaza sauti kwa Kiswahili chenye Kijaluo ndani yake, watu wanacheka. Kwenye kompyuta yangu mafaili yalikuwa na majina kama OJWANG_LAFUDHI_07. Sikuwahi kuwa na faili linaloitwa OJWANG_KIMYA.

Hapo ndipo mambo yanapoacha kuwa utani. Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu. Rudia hiyo polepole. Mkikuyu aliyevaa Ujaluo kwa miongo kadhaa, wiki baada ya wiki, mpaka Wajaluo wenyewe wakamwita wao. Huwezi kufanya hivyo kwa lafudhi peke yake. Lafudhi hata mlevi wa pale Kariokor anaweza kukuigizia tatu kwa bei ya kikombe cha chai. Alichofanya Wanjau ni kumpa Ojwang' roho: mzee mwenye majivuno, mjanja lakini si mjanja vya kutosha, anayempenda mkewe na anayemwogopa, anayeshindwa kila wiki na kurudi wiki inayofuata na koti lile lile. Kabila lilikuwa mlango tu wa kuingilia. Ukishaingia, unakuta babu yako.

Nimekulia Nakuru, kwenye ploti ya vyumba kumi na televisheni moja, Greatwall ya rangi nyeusi na nyeupe iliyotumia betri ya gari. Ilikuwa ya shosho wangu. Saa ya Vitimbi ikifika, chumba kilijaa. Mama wa nyumba ya tatu, Mjaluo wa Siaya, alikuwa na kiti chake, na hakuna mtoto aliyethubutu kukikalia. Yeye na shosho walicheka kwa pamoja lakini si mahali pamoja. Shosho alicheka Ojwang' aliponyamaza. Mama wa nyumba ya tatu alicheka baadaye kidogo, alipofungua mdomo, kisha anamsahihisha: "Sisi hatusemi hivyo, mzee!" Anamsahihisha televisheni! Januari 2008 mama yule aliondoka na lori, godoro juu, bila kuaga. Kwenye vizuizi vya barabarani wiki hizo watu walikuwa wanaulizwa majina, wanasikilizwa wanavyotamka. Nchi nzima tulipoteza zaidi ya watu 1,100. Kiti chake kilikaa mahali pake miezi mingi, na shosho hakutaka kiondolewe.

Kwa hivyo mtu akiniambia lafudhi ni kichekesho kisicho na madhara, namsikia, lakini nakumbuka kiti. Sisemi watu wasiige lafudhi. Nchi hii ingenyamaza kabisa! Nasema kuna tofauti kati ya mtu anayekukaribisha ndani ya nyumba ya jirani na mtu anayesimama nje akionyesha nyumba kwa kidole. Wanjau alikuwa wa kwanza. Sisi, kwa mkasi wetu, tulimgeuza kuwa wa pili. Hakukubali, hakuulizwa, na sasa hayupo wa kukataa.

Najua mtakachonijibu, maana nilikuwa nikijijibu hivyo hivyo kila mwisho wa mwezi. Bila hivi vipande, kijana wa miaka 19 angemjua Ojwang' vipi? Ni swali la haki na sitalikwepa. Wapo waliokutana naye kupitia kipande, wakatafuta kipindi kizima. Nimewahi kukutana na mmoja. Mmoja. Wengine wote wanamjua kama stika ya WhatsApp, uso wa mzee aliyeshtuka, unaotumwa mtu akiambiwa kodi ya nyumba imepanda. Huko si kumjua mtu.

Halafu kuna hii ya "watu siku hizi hawana muda, hawana bando". Jamani. Watu hao hao wanakaa dakika 90 kutazama Arsenal ikiwavunja moyo. Wanasikiliza podikasti ya saa mbili kuhusu mahusiano ya watu wasiowajua. Muda upo. Tulichowafundisha, sisi wakataji, ni kwamba kichekesho hakistahili muda huo.

Na pesa je? Hapa nitasema haraka kwa sababu linaniudhi. Mwaka 2014 Ojwang' alikuwa na shida ya macho, na Wakenya walichangishana ili atibiwe. Tulijivunia ule mchango, na kweli ni jambo jema. Lakini jiulize kwa nini mtu aliyechekesha nchi kwa miongo mitatu alihitaji mchango kuliona tena jua. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamtambua mwigizaji kuwa na haki katika uigizaji wake. Ofisini kwetu sheria hiyo sikuwahi kuisikia ikitajwa hata kwa bahati mbaya. Matangazo yalilipa, kampuni ililipwa, mimi nililipwa kidogo, na uso uliotuletea vyote hivyo ulikuwa wa mtu asiyejua tunautumia.

Jukwaani hali ni afadhali, na ndiyo sababu bado naenda. Keti kwenye mchezo wa Heartstrings uone jinsi utani unavyopandwa mwanzoni na kuvunwa saa moja baadaye, ukiwa umeshausahau. Ukichelewa kuingia, watu wanacheka na wewe hujui kwa nini, na hakuna wa kukurudishia nyuma. Hata Churchill, ambaye vipindi vyake vimekatwakatwa kuliko nyanya za sokoni, ukimtazama kipindi kizima unaona kazi ambayo haimo kwenye kipande chochote: anavyoingia na kutoka kati ya wachekeshaji, anavyompoza mtu aliyeshindwa, anavyorudisha ukumbi mikononi mwake. Hiyo ni nusu ya ufundi wake. Haina mlima kwenye wimbi.

Siku niliyoacha kazi haikuwa ya maana sana. Nilikuwa nimeenda nyumbani Nakuru wikendi, nikataka kumwonyesha shosho ninachofanya mjini. Nikamfungulia kipande cha Ojwang', sekunde 40, kilichotazamwa sana. Nilikuwa najivunia. Alishika simu mbali kidogo na uso, akatazama mpaka mwisho. Hakucheka. Akanirudishia.

"Mume wangu," akasema (ananiita hivyo kwa sababu nimebeba jina la guka), "kwani Mama Kayai alikuwa amemwambia nini?"

Sikujua. Nilirudi Nairobi Jumatatu nikatafuta kipindi chenyewe kwenye diski ili nimpigie simu nimwambie. Hakikuwepo. Vipindi vizima tulikuwa tunavifuta tukishavikata, kupata nafasi.

Nikifikiria kama ningekuwa na sauti kwenye kampuni hizi, ningeomba vitu vichache tu. Andikeni jina la kipindi ili mtu aweze kukitafuta. Tajeni mwigizaji kwa jina lake alilozaliwa nalo, si la uigizaji peke yake. Acheni ule ukimya kabla ya jibu, hata kama unaongeza sekunde 10. Na mlipeni mtu, au familia yake. Nimeshawaambia haya wenzangu wa zamani, wakacheka kile kicheko cha kikohozi.

Bado nina diski yenye vipande 212. Wiki iliyopita mmoja wao ameniandikia: eti Julai inakuja, wanataka kutoa video ya kumkumbuka mzee, kama naweza kuwatumia lile faili la lafudhi, watanipa kitu kidogo. Nimeisoma mara mbili. Sijamjibu.