Shimo ni lile lile, hata siku ya Mungu



Joto imefika. Toka mwezi wa tisa mpaka mvua ianze, kila siku ya Mungu vijana wetu wa Kolwezi, Likasi na Kambove wanapanda pikipiki, watatu watatu, kwenda kutafuta maji ya kuruka. Wenye kuwa na franga kidogo wanafika mbali, ku Lufira ama ku ziwa Nzilo. Wasio nayo wanaenda karibu: mu kariere ya zamani, kule pampu zilizimwa na maji ikapanda. Maji inangaa kijani, ukingo iko juu, wenzao wanashika telefone kwa kupiga picha. Mimi pia niliruka nikiwa kijana, na sitasema kama ni kitu kibaya. Mutoto wa mufanyakazi iko na haki ya kucheka siku moja mu juma.

Lakini mwaka jana tulizika kijana wa miaka 16. Alijua kuogelea. Aliruka mara mbili, akacheka. Mara ya tatu hakupanda tena. Baba yake ni mwenzetu, mushofere wa kamyo mu mugodi. Ku kilio alituambia: «Miye naingiaka mu shimo na kaske. Mutoto wangu aliingia miguu wazi.» Neno hilo halijanitoka.

Sisi tunaofanya kazi mule tunajua vile kariere inajengwa. Inakatwa ngazi ngazi, kama madaraja makubwa. Maji ikijaa, ngazi zinafichama. Unaruka ukizani ni shimo refu, kumbe mita moja chini kuna jiwe. Ama unasimama kwa kupumzika, hatua moja mbele hakuna tena chini. Hakuna pwani ya kutokea, ni ukuta tu, na mvua inaulegeza. Juu maji iko moto, chini iko baridi kali inayokata pumzi. Na rangi ile nzuri inaweza kutoka ku madini. Haionyeshe kama maji iko safi.

Tena tufanye hesabu. Mutu anayeruka toka mita 10 anagonga maji na mbio ya karibu kilometa 50 kwa saa. Ni kama kuanguka ku pikipiki inayokimbia. Akitanguliza kichwa mahali asipojua, ni shingo.

Basi tufanye nini? Kukataza tu haitoshe, vijana watakwenda kwa kujificha.

Kwanza, kampani. Kode miniere ya mwaka 2002, iliyobadilishwa mwaka 2018, inaomba mwenye mugodi atengeneze udongo alioharibu. Shimo la wazi karibu na kambi, bila lupango wala mulinzi, si udongo uliotengenezwa. Ba delege wetu walete jambo hili mu kamati ya usalama na usafi, liandikwe mu ripoti. Wasijibiwe kama «ile iko inje ya kazi». Aliyechimba tunamujua.

Pili, sisi wenyewe. Tunachangaka pesa kwa kilio. Tuchange pia kwa safari. Bisi moja, familia za kambi moja, mukubwa mumoja anayejua kuogelea asiyekunywa siku ile. Tubebe kamba ndefu na bidoni tupu ya litre 20 iliyofungwa vizuri: inaelea, inaokoa mutu. Tuulize wavuvi wa pale wapi kuna mamba, wapi maji inavuta. Mutu aingie kwanza polepole, apime chini na miguu, ndiyo aruke, na aruke miguu mbele. Mutu asiruke peke yake. Karibu na barrage, hapana kabisa: Mwadingusha na Nzilo zilijengwa kwa kugeuza mashini, na maji inavutwa kule. Na Lofoi, inayoanguka zaidi ya mita 300, ni ya kuangalia.

Ku kazi hatukubali mutu ashuke mu shimo bila kumufundisha. Siku ya Mungu shimo halibadilike. Baba, mama, juma hili muulize mutoto wako anaogeleaka wapi. Muulize bila kugomba, ili akujibu kweli.